Tochi Imara Kuliko Baba

Mhariri,
Ukurasa wa Malezi,
Gazeti la Jumapili.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAKALA YENU YA KUCHAGUA TOCHI SALAMA NA IMARA KWA MTOTO MDOGO

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wote mnaohangaika na ukurasa huo. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Kwa kufuata ushauri wenu neno kwa neno, nimepoteza cheo cha ubaba ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na cheo hicho hivi sasa kinashikiliwa na tochi ya plastiki ya rangi ya njano.

Nakuomba usicheke. Mama mkwe wangu ameshacheka kwa niaba ya watu wote.

Kabla sijaanza kuhesabu malalamiko, ni haki nijieleze. Mimi ni fundi wa lifti. Kazi yetu ni kufunga lifti katika majengo marefu, na majengo marefu yana tabia ya kujengwa mbali na nyumbani kwa mtu. Safari ya mwisho ilinichukua miezi kumi na mmoja. Nilipoondoka, binti yangu alikuwa anatambaa. Nyumbani tunamwita Bosi, kwa sababu ndiye anayeamua watu wale saa ngapi na walale saa ngapi. Niliporudi nilimkuta anakimbia, na aliyekuwa anakimbiwa ni mimi. Alijificha nyuma ya gauni la bibi yake, akanichungulia kwa jicho moja, akasema, "Anko."

Sikukasirika. Mtoto wa miaka miwili na miezi miwili ana haki ya kumwita anko mwanamume yeyote anayeingia na begi. Nilijiambia kwamba haraka haraka haina baraka. Nitamnunulia zawadi, tutazoeana. Wiki hiyo hiyo mke wangu akaniwekea mezani gazeti lenu, likiwa limefunguliwa kwenye makala ile, maana umeme kwetu hukatika jioni na Bosi hapendi kukalishwa gizani bila kushauriwa. Mliandika kwamba tochi ya mtoto iwe na kifuniko cha betri kilichokazwa kwa skrubu, isiwe na vipande vidogo vya kumezwa, kona zake ziwe za mviringo, mwanga wake uwe mpole, isipate moto, ijizime yenyewe baada ya dakika kumi, na iweze kuanguka mara nyingi bila kuvunjika. Sifa saba. Nilizikata kwa mkasi, nikazitia mfukoni, nikaenda dukani.

Sisi mafundi wa lifti hatuamini kitu mpaka tumekiona kikianguka. Ndivyo tunavyopima breki zetu, na ndivyo nilivyopima tochi. Nilimwomba mwenye duka anipangie tochi zote za watoto, nikaziangusha moja moja kutoka usawa wa bega hadi kwenye sakafu ya saruji. Baada ya tochi ya tatu aliniuliza, "Kaka, unanunua au umetumwa?" Nilinunua zote sita, tano zikiwa vipande. Ya sita iligonga sakafu, ikadunda mara mbili, ikawaka. Hiyo ndiyo niliyompelekea mwanangu, kwa mikono yangu miwili, nikiwa nimevaa shati la pasi.

Na jambo hili ni la haraka, Ndugu Mhariri, kwa sababu kampuni imeniita tena. Kuna jengo jipya, ghorofa ishirini na mbili, kazi ya miezi tisa, na wanataka jibu kabla ya Ijumaa ijayo. Siwezi kuondoka nikiacha nafasi yangu mikononi mwa tochi. Kwa hiyo, kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya makabidhiano. Bosi alibonyeza swichi, tochi ikawaka. Aliitazama muda mrefu, kwa mapenzi ambayo sikuwa nimeyaona usoni mwake tangu nirudi, kisha akasema kwa sauti nzuri kabisa: "Baba." Nilipiga magoti pale pale sebuleni, nikakunjua mikono. Mtoto alipita chini ya kwapa langu, akaenda jikoni kumwonyesha bibi yake. "Bibi, Baba kaja!" Mimi nilibaki nimepiga magoti, na mke wangu, ambaye ni mwanamke mwenye huruma, aliniuliza kama kuna kitu nimedondosha.

2. Maelezo ya mama mkwe. Mama mkwe wangu ukweli haujawahi kumkwama kooni. Alinikalisha, akanieleza kwamba miezi kumi na mmoja nilipokuwa mbali, kila jioni walikuwa wanamwekea Bosi simu mkononi na kumwambia, "Haya, Baba huyu hapa." Mtandao ukiwa mbaya, na huwa mbaya, sura yangu haikutokea. Kilichotokea ni kioo kinachong'aa. Kwa hiyo kwa elimu aliyopewa, Baba ni kitu kinachoshikika mkononi, kinachowaka jioni, kinachotoa sauti kidogo, kisha kinazima bila kuaga. "Sasa wewe mwanangu," alisema, "umekuja na ndevu na mabegi. Mtoto angekujuaje? Asiyekuwepo na lake halipo." Lakini makala yenu haikuonya popote kwamba tochi isifanane na baba.

3. Uimara. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nilikuwa na matumaini, ambayo kila mzazi anayo, kwamba kitu cha kuchezea huvunjika ndani ya wiki. Tochi hii imeshuka ngazi za ghorofa tatu bila kusindikizwa. Imelala usiku kucha kwenye ndoo ya maji. Imekanyagwa na mke wangu, na aliyeumia ni mke wangu. Siku moja, na hapa nakiri, ilinidondoka kutoka kwenye baraza letu la ghorofa ya tatu wakati nilipokuwa nimenyoosha mkono nje bila sababu ya kueleweka. Nilisikia ikidunda kwenye lami. Nilikaa kitini nikavuta pumzi. Dakika tano baadaye mlango uligongwa. Muuza magazeti wa chini alikuwa ameiokota, inawaka, haina hata mkwaruzo. Bosi alimkimbilia mlangoni akipiga makofi: "Baba karudi! Baba karudi!"

Ndugu Mhariri, mimi nilirudi baada ya miezi kumi na mmoja na hakuna aliyepiga makofi. Niliumia. Naandika hili wazi kwa sababu ukurasa wenu ni wa malezi, si wa michezo.

4. Tochi inakalia kiti changu wakati wa chakula. Ina sahani na kijiko.

5. Majirani. Ukuta wetu ni mwembamba, na chini yetu anakaa fundi cherehani mwenye moyo mzuri. Jumanne iliyopita Bosi alisimama mlangoni mwa choo akapiga yowe ambalo hata mimi lilinitoa jasho: "Bibi! Baba kaingia chooni kichwa chini! Hatoki!" Fundi cherehani alipanda ngazi mbili mbili, akifuatwa na wateja wawili, mmoja wao amevaa suruali yenye mguu mmoja, wa pili ukiwa bado kwenye mashine. Walinikuta sebuleni nasoma ukurasa wenu. Walinitazama kwa namna ambayo si ya furaha kamili. Nadhani mtu akishapanda ngazi zote hizo kuja kuokoa maisha, hapendi kukuta mwenye maisha anasoma gazeti. Tochi ilitolewa kwa koleo, ikaoshwa kwa sabuni, ikaendelea kuwaka. Yule wa suruali aliniuliza kwa upole, "Kwani baba ni nani hapa?" Nilimwambia ndilo ninalofuatilia.

6. Kituo cha kulelea watoto. Hili limevuka mipaka ya nyumba, na ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Alhamisi mke wangu alikuwa na zamu kazini, na mama mkwe alikuwa na miadi ya macho, hivyo nilipewa heshima ya kwenda kumchukua Bosi kituoni. Nilifika mapema. Kituo hicho kina utaratibu mzuri ambao kama mtu wa usalama naupongeza: mtoto hatolewi mpaka amtambue anayemchukua. Mlezi, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, alimleta Bosi getini akamwinamia.

"Haya mama, huyu nani?"

"Anko," alisema Bosi, bila chuki yoyote.

Mlezi alinitazama. Nilitabasamu, jambo ambalo baadaye niliambiwa halikunisaidia. Nilimweleza kwamba mimi ni baba mzazi, nimetoka safari ya kikazi, na mambo haya yana historia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mtoto tena.

"Na Baba yuko wapi?"

Bosi alifungua zipu ya begi lake la mgongoni, kwa utulivu wa mtu anayetoa hati, akatoa tochi, akaiwasha, akaiinua juu ili mlezi aione vizuri. "Huyu hapa."

Nilipata moto kidogo, nikalazimika kukaa kwenye benchi ya wageni saa moja na dakika arobaini, mpaka mke wangu alipofika na kunitambua. Katika muda huo watoto kumi na wanane walichukuliwa na baba zao, na kila mmoja alipiga kelele aliyotakiwa kupiga. Mlinzi wa getini alinihurumia, akanikaribisha karanga zake. Njiani kurudi nyumbani tulitembea watatu, mimi, mke wangu na Bosi, ila kwa hesabu ya Bosi tulikuwa wanne, na wa nne ndiye aliyetangulia kutumulika njia, saa kumi na moja jioni, jua likiwaka.

7. Nimejipima. Mtu mzima haendi kulalamika kabla hajajikagua mwenyewe. Kwa hiyo Ijumaa nilichukua kile kipande cha gazeti, nikajipima kwa sifa zenu saba kama nilivyoipima tochi.

Kona za mviringo: nimepita, na mke wangu anasema nazidi kupita kila mwezi. Vipande vidogo vya kumezwa: nimeanguka, nina jino la bandia linalotoka. Mwanga mpole: nimeanguka, nina sauti ya mtu aliyezoea kuongea ndani ya shimo la lifti, na Bosi huziba masikio nikimsalimia. Kupata moto: nimeanguka, kama mlezi wa kituo atakavyothibitisha. Kujizima baada ya dakika kumi: mke wangu anasema hili naliweza kuliko tochi yoyote, hasa nikikalishwa kwenye kochi baada ya chakula. Kifuniko kilichokazwa: mama mkwe anasema kuna skrubu mahali imelegea, lakini hakutaka kufafanua. Kuanguka mara nyingi bila kuvunjika: hili nililiacha wazi. Zamani ningejitia alama bila kufikiri, maana nimeanguka shimoni mara mbili na bado natembea. Sasa sina uhakika.

Nimepata sifa mbili kati ya saba. Tochi imepata saba. Kama hii ingekuwa zabuni, mimi mwenyewe ningeipa tochi kazi.

8. La mwisho. Hiyo kazi ya ghorofa ishirini na mbili ni nzuri. Malipo ni mazuri, na jengo lenyewe ni zuri, lifti sita, nne zikiwa za vioo. Mke wangu amesema, "Amua wewe, Baba Bosi," kwa sauti ya mtu ambaye ameshaamua. Mama mkwe hajasema kitu, na hilo ndilo la kutisha. Nikienda, nitarudi Bosi akiwa anakaribia miaka mitatu. Atakuwa anaongea sentensi ndefu. Nitapiga simu kila jioni, mtandao utakatika, na kioo kitang'aa. Tochi itakuwa imeshathibitishwa kazini. Naogopa, Ndugu Mhariri. Nimefanya kazi kwenye mashimo ya ghorofa arobaini na sijawahi kuogopa namna hii.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Mchapishe masahihisho ya makala yenu, ukurasa ule ule na kwa herufi zile zile, mkiwashauri wazazi wanunue tochi dhaifu. Iwe inavunjika kwa urahisi na inachosha kuitazama. Ikiwezekana isiwake kabisa.

(b) Mchapishe picha yangu, ambayo nimeiambatanisha, yenye ukubwa wa robo ukurasa, chini yake yakiwepo maneno mawili tu: "Huyu ndiye." Bosi hupenda kuchana gazeti lenu kila Jumapili asubuhi, hivyo hakuna shaka ataiona.

(c) Kama (a) na (b) havitawezekana, basi mwandike makala nyingine yenye kichwa "Namna ya Kuchagua Baba Salama na Imara kwa Mtoto Mdogo," mkitaja sifa zinazotakiwa. Niko tayari kupimwa. Niko tayari kuangushwa kutoka usawa wa bega hadi kwenye sakafu ya saruji, mbele ya mashahidi, mradi tochi nayo ipimwe siku hiyo hiyo kwa sifa hizo hizo, na aulizwe Bosi.

Naelewa kwamba gazeti lina mambo mengi na kwamba nchi haijengwi kwa kushughulikia fundi mmoja na tochi moja. Lakini mlianza ninyi. Mimi nilikuwa nimepanga kununua mpira.

Nisalimie mwandishi wa makala ile. Mwambie sina kinyongo naye, isipokuwa kwenye sifa ya saba. Msalimie aliyechora ule mchoro wa tochi yenye tabasamu, na mwambie apunguze tabasamu. Wasalimie wapiga chapa, wasambazaji, anayewapikia chai, na muuza magazeti wa kwetu, ingawa ningependa siku nyingine akiokota kitu akiache kilipo. Wasalimie pia watoto wenu nyote, hasa wale wanaowatambua.

Wako anayesubiri kwa adabu,

Baba Bosi
(wa kuzaa)

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku nne kwa kukosa bahasha, na mambo yamebadilika kidogo.

Jumapili asubuhi tochi ilizimika. Bosi aliitikisa, akaipuliza, akaifunika kitambaa ipumzike. Haikuwaka. Mama yake alikuwepo, bibi yake alikuwepo. Aliwapita wote wawili, akaja nilipokaa, akaniwekea tochi kiganjani na kusema, "Anko, Baba kazima." Kisha akanigeuzia mgongo, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga magoti yangu, akapanda, akaketi mapajani mwangu kusubiri.

Kwa fundi wa lifti, betri zilizoisha ni kazi ya dakika mbili. Leo ni siku ya tatu. Kila akirudi kutoka kituoni ananiletea, anapanda, nafungua kifuniko, nachungulia ndani, natikisa kichwa na kusema, "Mh, kazi ipo." Naye anachungulia, anatikisa kichwa, anasema, "Kazi ipo." Kisha nafunga. Jana aliniuliza kama Baba anaumwa, nikamwambia anaendelea vizuri, ila asiharakishwe. Mama mkwe ameziona betri mpya kwenye mfuko wangu wa shati. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinyamaza kwa wema.

Kampuni nimeshaijibu. Nimewaandikia kwamba sitaweza kusafiri, kwa kuwa nina ukarabati nyumbani na siwezi kukadiria utaisha lini. Hospitali ya hapa mjini ina lifti mbili zinazokwama kila siku, na wamesema nianze Jumatatu. Suala la cheo nalo nimeona tuliache kwanza. Bado naitwa Anko, na sikujua kama neno hilo linaweza kupendeza kiasi hiki mtu akiitwa kwa karibu.

Kwa hiyo naomba barua hii msiichapishe, wala msibadili hata nukta katika makala yenu. Badala yake nitumieni nakala zake nane. Mafundi wenzangu wanarudi mwisho wa mwezi, na wote wana watoto wadogo.

Mniwie radhi kwa mwandiko wa sehemu hii. Bosi amesinzia, na mkono ninaoandikia siku zote ameulalia yeye.